NANI AONE NINI NDANI YA NYUMBA?

Mwezi huu nataka tuongelee kitu ambacho kwangu ni masomo, lakini kikanifuata mpaka nyumbani likizo na kukaa katikati ya mume na mke. Nazungumzia hizi programu za kwenye simu.

Kwa wale wageni wa ukurasa huu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea kuandika programu za kompyuta Dodoma. Nyumbani kwetu ni Kagongwa. Kama hujawahi kufika, ukitoka Dodoma unapita Singida, Nzega, Tinde, halafu Isaka kwenye bandari kavu. Kabla hujaingia Kahama mjini utaona pembeni ya lami mashine za kukoboa mpunga, turubai zimetandazwa, vumbi la pumba limetanda hewani na malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapunguza mwendo. Ndiyo hapo. Watu wakisikia Kahama wanawaza dhahabu, Buzwagi na Bulyanhulu. Buzwagi wameshamaliza uzalishaji tangu 2021. Sisi wa Kagongwa dhahabu yetu ni mchele, na huo bado haujaisha.

Sasa ukishatambulika mtaani kwamba unasoma kompyuta, ujue umepata kazi tatu za bure. Ya kwanza ni kutengeneza printa ya stationari. Ya pili ni kurudisha picha zilizofutwa kwenye simu za watu. Ya tatu wanakuitia pembeni, sauti chini, macho yanaangalia huku na huku: "Mdogo wangu, hivi unaweza kuniingizia WhatsApp ya mume wangu?"

Wanaume nao wanauliza, tena sana, ila wao wanajifanya wanaulizia kwa niaba ya rafiki.

Likizo ndefu ya 2025 aliyeniita pembeni alikuwa ma'mdogo, mke wa baba yangu mdogo. Hawa ndio walionilea nilipokuwa sekondari, kwa hiyo mtu wa namna hiyo akikwambia kitu humjibu juujuu. Nimemsalimia "mwangaluka", akaitikia, akanisogezea kigoda, akamwaga yote. Ba'mdogo amebadilika. Simu inalala chini ya mto. Ikiita saa nne usiku anatoka nje kuipokelea karibu na banda la kuku. Akirudi ukimwuliza nani, anasema "mteja". Mteja gani wa mpunga anapiga saa nne usiku kila siku? Ma'mdogo alishafikia uamuzi wake, kwamba kuna nyumba ndogo Kahama mjini, na alichotaka kwangu ni ushahidi tu. Yeye mwenyewe anatumia kitochi, kwa hiyo mpango wake ulikuwa niingie mimi, nisome mimi, halafu nije kumsimulia.

Hebu vuta picha. Mtoto asome meseji za mapenzi za baba yake mdogo na kumsomea mama yake mdogo kama taarifa ya habari!

UKWELI KUHUSU KUDUKUA

Ngoja nilieleze hili vizuri maana najua kuna msomaji hapa roho inamdunda. Tangu Aprili 2016 WhatsApp inafunga kila ujumbe kwa ufunguo ulioko kwenye simu ya anayetuma na simu ya anayepokea tu. Njiani hapo katikati hata wenyewe WhatsApp hawausomi. Kwa hiyo yule jamaa anayejitangaza mtandaoni kwamba ukimpa namba ya mumeo pamoja na elfu thelathini anakutumia meseji zake zote, huyo anakula elfu thelathini yako, basi. Wengine ni wabaya zaidi, wanakutumia faili eti la kudukulia, ukiliweka kwenye simu yako linaanza kukudukua wewe.

Njia inayobaki kwa kawaida ni kuishika simu ya mwenzako mkononi. Ukishaishika unaweza kuiunganisha na kompyuta kwa ile sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, au kuiwekea programu ya kijasusi inayojificha. Zipo, na duniani zimeumiza watu wengi mpaka makampuni ya usalama wa kompyuta na mashirika yanayosaidia waathirika wa ukatili wa majumbani wakaungana kupambana nazo mwaka 2019. Mwaka 2020 Google ikapiga marufuku matangazo ya programu za kuchunguza mwenza. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa yake kuwa ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote kwa pamoja. Sheria haijaandika "isipokuwa kwa wanandoa".

Nikamwambia, "Ma'mdogo, hilo siwezi, na hata ningeweza, ungekuja kuniletea chakula mahabusu." Akacheka kidogo. Lakini kicheko cha mtu ambaye halali usiku unakijua, hakifiki machoni.

KAZI YA MASHINE

Wakati huohuo ba'mdogo naye alikuwa na shida yake. Wana mashine ya kukoboa, yeye na mkewe. Baba anazunguka vijijini kununua mpunga, mama anakaa mashineni, anapokea magunia ya wateja, analipa vibarua, anaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Daftari hilo wajameni lilikuwa kimeo. Kuna ukurasa umelowa mafuta ya dizeli, kuna mtu ameandikwa "yule wa Jumanne", kuna deni limekatwa kwa kalamu na hakuna anayejua kama lililipwa au lilisamehewa. Ba'mdogo akasema, "Mwanangu, ada nilikulipia, sasa tengeneza programu ya mashine."

Darasani tunafundishwa kwamba kabla hujaandika mstari hata mmoja unakaa chini unaorodhesha watumiaji: nani ataingia kwenye mfumo, ataruhusiwa kuona nini, atabadilisha nini, atafuta nini. Darasani ni swali jepesi, unachora viboksi, unapata maksi zako. Ukilipeleka kwa watu wanaolala kitanda kimoja linageuka kesi.

Ba'mdogo akanivuta nyuma ya ghala. "Mama yako aone magunia yaliyoingia na yaliyokobolewa. Fedha na madeni aache, nitaangalia mimi." Jioni yake ma'mdogo akaniita jikoni. "Andika kila kitu, ila chenga na pumba usiguse." Kwa ambaye hajakulia mashineni, mpunga ukikobolewa unatoa mchele mzima, unatoa chenga, yaani zile punje zilizovunjika ambazo wauza vitumbua wanazipenda, na unatoa pumba, chakula cha kuku na nguruwe. Mchele ni biashara ya familia. Chenga na pumba kwa pale nyumbani ni za mama, na humo ndimo zinamotoka sare za shule na mchango wa kikoba. Ba'mdogo anajua kwamba zipo. Kiasi gani, hajui na hajawahi kuuliza.

Kwa hiyo nikawa na mume anayeficha madeni, mke anayelinda pumba, na mimi katikati na laptopu ya gigabaiti nne inayozimika nikifungua programu mbili kwa pamoja.

Hilo la laptopu nalo niliseme, maana kuna vijana wananiandikia wakidhani ukitaka kuwa mtaalamu wa programu ni lazima uanze na mashine ya bei mbaya. Ile Android Studio ya kutengenezea programu za simu inataka memori ya gigabaiti nane kwa uchache. Yangu ikiifungua inapiga kelele kama mashine ya kukoboa yenyewe. Tena ukitaka programu yako ikae Play Store unalipia dola 25 mara moja, halafu kwa akaunti mpya ya mtu binafsi Google wanataka watu 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo kabla hawajakufungulia. Watu kumi na wawili, Kagongwa, wiki mbili, na kila mmoja anakuomba bando la kujaribia!

Nikaamua kutengeneza tovuti inayofanya kazi kama programu. Unaifungua mara moja kwenye brauza, inajiweka kwenye kioo cha simu na alama yake, na mtandao ukikata inaendelea kuandika mahesabu kwenye simu yenyewe mpaka mtandao urudi. Pale kwetu umeme ukikatika na mtandao unayumba, kwa hiyo hilo lilikuwa muhimu. Mtindo huu una jina lake la Kizungu ambalo lilizaliwa mwaka 2015 mbunifu Frances Berriman na mhandisi wa Google, Alex Russell, walipokuwa wamekaa kula chakula cha jioni wakijadili tovuti za namna hiyo waziiteje. Sisi wengine tukienda kula na wachumba zetu tunazungumzia bili.

KILICHOKUWEMO KWENYE SIMU

Siku ya kuweka mfumo, simu ya ba'mdogo ikagoma. Imejaa. Akanikabidhi mwenyewe, kwa mkono wake: "Futa futa hivyo visivyo na maana." Nikaanza na video za WhatsApp, zile za asubuhi njema zenye maua. Nikaingia kwenye orodha ya programu. Nikakuta tano zinazofanana kama mapacha, zote za kukopesha.

Msomaji wangu, hapo ndipo mteja wa saa nne usiku alipojulikana. Kumbe mwanamke aliyekuwa anapiga alikuwepo kweli, ila alikuwa anadai.

Mpunga unanunuliwa kwa wingi wakati wa mavuno, na wakati huo ndio kila mwenye mashine anataka fedha taslimu mkononi. Benki inataka makaratasi na muda. Ba'mdogo alitumiwa linki na rafiki, akabonyeza, akapata laki mbili pungufu makato ndani ya dakika kumi. Baada ya siku saba anatakiwa kurudisha zaidi ya hiyo laki mbili. Hana, kwa sababu imegeuka mpunga na mpunga haujauzwa. Akakopa kwenye ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili. Unaijua hesabu hiyo inapoishia. Mtaani mikopo ya namna hii wanaiita kausha damu.

Ba'mdogo ni mtu wa hadithi. Kuna ile anayoipenda, ya mwanafunzi wa Kenya aliyebuni M-Pesa halafu wakubwa wakampora wazo lake, na kila nikirudi likizo ananionya nisiporwe. Hadithi hiyo ni maarufu Afrika Mashariki nzima, ila haikuwa hivyo. M-Pesa ilianzishwa na watu wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie, kwa fedha zilizochangiwa na serikali ya Uingereza. Jaribio lilianza 2005, likahusisha Thika, na lengo la kwanza lilikuwa kuwawezesha watu kupokea na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wateja wenyewe ndio walioanza kutumiana fedha, kampuni ikaona dili liko hapo, na Machi 2007 ikazinduliwa Kenya kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Tanzania ikaingia 2008. Yaani ile simu inayotuma ada na mahari ilianza safari yake ikiwa kwenye kudai madeni.

Nikamwonyesha ruhusa ambazo zile programu tano zilikuwa zimejipa: majina yote ya kwenye simu, meseji, na mahali alipo. Mkopeshaji wa nini anahitaji namba ya shemeji yako? Jibu ni kwamba hiyo ndiyo dhamana yao. Ukichelewa kulipa hawaji kuchukua ng'ombe, wanamtumia meseji kila mtu uliyemsevu kwamba wewe ni tapeli. Google ilishazikataza programu za mikopo kugusa majina na picha za wateja kuanzia 31 Mei 2023, ndiyo maana nyingi siku hizi hazipitii Play Store, zinapitia linki. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Nilipolinganisha majina, kwenye simu ya ba'mdogo yalikuwemo.

Akauliza, "Nikizifuta?" Nikamwambia kufuta kunaondoa programu kwenye simu yako, lakini majina yalishakwenda kwenye seva zao siku ile ulipobonyeza kukubali. "Na ma'mdogo yumo humo, umemsevu Mke Wangu. Siku watakayoamua kuanza kutuma, ataanza kujua kwao kabla ya kwako."

Alikaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa najua mambo mawili ambayo mmoja hajui la mwenzake: mke anadhani kuna mwanamke, mume anadhani mke hajashtukia kitu. Ningeweza kwenda jikoni nikasema neno moja tu, "Ma'mdogo, lala salama, hakuna nyumba ndogo," na usingizi wake ungerudi usiku huohuo. Lakini simu ile nilipewa nifute video, sikupewa nibebe habari. Fundi wa nguo akikuta barua mfukoni anairudisha na suruali. Nilichoweza kufanya ni kumsukuma mwenye siri, na nilimsukuma kwelikweli, mpaka akaniambia nimekua sana siku hizi.

Akasema Jumapili. Sikuwepo, nilijipeleka Kahama mjini kwa makusudi. Ninachojua ni alichonisimulia ma'mdogo mwenyewe baadaye, akiwa anapepeta mchele kwa nguvu zisizo za kawaida. Nilidhani angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. "Mwanamke ningemfukuza," akaniambia. "Deni unalifukuzaje?"

Siku mbili chakula kilipikwa, kikaletwa, kikaliwa, bila neno. Siku ya tatu akaomba orodha.

Hapo nikamwona ma'mdogo mwingine. Alikaa na ule mfumo wangu ambao mume hakutaka aone fedha zake, akanitaka nimsomee kila kitu, akaandika kwenye karatasi nani anadai nini na kwa siku ngapi. Wakauza magunia ambayo walipanga kuyashikilia mpaka bei ipande, bei ya kuumiza, wakamaliza madeni mawili makubwa. Mengine wakapiga simu wote wawili, simu ikiwa kwenye spika, mama ndiye anaongea. Yule dada wa saa nne usiku nadhani hakuwahi kukutana na mtu kama huyo. Nami nikaondoa ruhusa zote, nikafuta programu zote tano. Nikawaeleza kwamba kama watatumiwa watu meseji za kuwaaibisha, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayofanya kazi tangu 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Meseji zilitoka, kwa watu kadhaa. Mchungaji alipata moja. Lakini zilipotoka ma'mdogo alishajua, akawa anajibu mwenyewe, "Tunalifahamu, asante."

PUMBA JE?

Tukarudi kwenye viboksi vyangu. Safari hii walikaa wote wawili mezani na mimi, wakaamua kwa sauti. Fedha wote waone. Madeni wote waone. Deni halifutwi na mtu mmoja, mmoja akiomba kufuta ni lazima mwingine akubali. Hiki kipande kilinitesa siku nne kukiandika na ndicho ninachojivunia kuliko vyote.

Halafu nikauliza kuhusu chenga na pumba. Ba'mdogo ndiye aliyejibu: "Hizo ziache. Ni za mama yenu."

Nilipowasimulia wenzangu hosteli, bila majina, zogo likazuka ile mbaya. Wavulana wakasema huu ni uonevu, mwanaume ameanika kila kitu mpaka aibu yake, mwanamke bado ana mfuko wake wa pembeni. Msichana mmoja tunayesoma naye akawauliza mfuko huo unanunua nini, wakakosa jibu. Mimi msimamo wangu ninao na nitausema. Mfuko ambao wote mnajua upo, mnajua unatoka wapi na mnaona matunda yake watoto wakienda shule, huo hauumizi mtu. Mikopo ya ba'mdogo ilikuwa shimo ndani ya nyumba ambalo mmoja tu ndiye anajua lilipo, na mwingine anapita hapo gizani kila siku. Ningekuwa nimeandika mfumo unaomwonyesha kila mtu kila kitu mpaka shilingi ya kitumbua, nadhani ndani ya mwezi mmoja wangerudi kwenye daftari.

Na wale mnaoniuliza kama mimi na mchumba wangu tunapeana maneno ya siri, hapana, hatupeani. Yeye anasoma Mwanza. Siku moja alitaka kuona simu yangu, nikampa ikiwa wazi. Akaperuzi dakika tano, akakuta naandikiana na watu usiku wa manane kuhusu kosa kwenye mstari wa 214, akanirudishia kwa huruma. Anachonidai ni muda, na hilo tuliweke mwezi mwingine.

Mfumo ulipokaa sawa ikabaki kitochi cha ma'mdogo. Tovuti haifunguki humo, na simu nyingine hataki, anasema hii chaji inakaa wiki. Kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili seva inajumlisha hesabu na kutuma meseji ya kawaida kwa simu zote mbili, dakika ileile, maneno yaleyale. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, ukizidisha unalipia mbili, kwa hiyo kila neno tuligombania. Ikawa hivi:

MASHINE LEO: Mpunga ulioingia gunia 46. Umekobolewa 39. Fedha 412,000. Tunawadai 185,000. Tunadaiwa 90,000.

Saa kumi na mbili ikifika utawaona, mmoja yuko kwenye benchi la mashineni, mwingine yuko kijijini huko kwenye mpunga, wanasoma kitu kimoja. Kama baba yuko karibu, simu mbili zinalia pamoja na vibarua wanacheka.

Niliwaomba ruhusa kabla ya kuyaandika haya. Ba'mdogo aliniambia niandike, huenda kuna mwenzake kwenye ofisi nzuri ya Dar es Salaam anazo programu tano pia. Ma'mdogo aliniambia niandike ila nisiseme mashine iko upande gani wa barabara.

Siku naondoka kurudi chuo kulikuwa na jambo moja halijamalizika. Meseji zile zinalipiwa, mbili kila jioni, mwaka mzima, na mkopo wangu wa chuo hauna fungu la mashine ya watu. Nikauliza nani atakuwa anaweka salio. Ba'mdogo akaangalia juu kwenye mabati. Ma'mdogo akasema ataweka yeye, kwa hela ya pumba. Anaweka kila mwezi, hajawahi kuchelewa, na kwenye mfumo matumizi hayo hayaonekani popote.